Kikanyagio cha Abiria: Historia ya Kifaa cha Mkono na Lugha ya Gereji katika Jinja na Mashariki mwa Uganda

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya kikanyagio cha abiria, yaani kipande cha chuma ambacho abiria wa bodaboda huwekea mguu, katika mji wa Jinja na maeneo jirani ya mashariki mwa Uganda. Hoja yake kuu ni kwamba kifaa hiki, ambacho mara nyingi hurekebishwa au kuundwa upya na mafundi wa gereji, ni zao la historia tatu zilizokutana: historia ya viwanda vya Jinja, historia ya biashara ya mpakani, na historia ya Kiswahili cha kazi. Makala inaonyesha kuwa fundi hutatua tatizo ambalo mbunifu wa kiwandani hakulikabili kikamilifu, na kwamba maarifa hayo yamehifadhiwa katika msamiati usiotambuliwa na sera ya lugha wala mitaala ya ufundi. Inapendekezwa kuwa upanuzi wa Kiswahili nchini Uganda uanze pia gereji, wala usianze darasani peke yake.

1.0 Utangulizi

Historia ya teknolojia katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kupitia vitu vikubwa: reli, bwawa, kiwanda na barabara kuu. Jinja ni mfano mzuri wa mwelekeo huo. Mji huu, uliopo pale Mto Naili unapotoka katika Ziwa Viktoria, hutajwa vitabuni kwa daraja lake la reli la mwaka 1931, kwa bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954, na kwa viwanda vilivyofuata umeme wa bwawa hilo. Vitu vidogo ambavyo wakazi wake huvigusa kila siku vimeandikwa kwa nadra. Kimojawapo ni kikanyagio cha abiria wa pikipiki.

Pikipiki inapotoka kiwandani huwa na vikanyagio vya aina mbili. Vya mbele ni vya dereva. Vya nyuma ni vya abiria. Vya nyuma, kwa kawaida, ni vifupi, vina mpira juu yake, na vimefungwa kwa pini inayoviruhusu kukunjwa. Swali la kihistoria ni kwa nini kifaa ambacho tayari kipo kihitaji kutengenezwa tena katika gereji ya mtaani. Katika Marekani na Ulaya, wapenzi wa pikipiki wamekuwa wakijitengenezea vikanyagio kwa miongo mingi, ama kuvisogeza mbele ili dereva anyooshe miguu, ama kuvisogeza nyuma ili ainame kama mshindani wa mbio. Huko, anayehudumiwa na mabadiliko hayo ni mmiliki mwenyewe, na sababu ni mtindo au starehe. Katika Jinja, anayehudumiwa ni mteja asiyemiliki pikipiki, na sababu ni riziki ya dereva na usalama wa mguu wa abiria.

Tofauti hiyo ndiyo inayoipa mada hii uzito. Abiria hachagui kikanyagio; hukikuta. Asipokikuta, au akikuta kilicholegea, mguu wake huning'inia karibu na spoki au huegemea bomba la moshi lenye joto. Kwa hiyo, kuuliza kikanyagio kimetoka wapi, kimetengenezwaje na kinaitwaje ni kuuliza nani anayewajibika kwa mwili wa abiria.

2.0 Jinja kama mji wa mafundi wa chuma

Ufundi wa chuma wa Jinja una mizizi kadhaa. Mwaka 1912 reli ya Busoga ilifunguliwa kati ya Jinja na Namasagali, na kuifanya Jinja kuwa mahali pa kuunganisha usafiri wa ziwani na wa nchi kavu. Mwaka 1928 kampuni ya tumbaku ya BAT ilianza shughuli zake mjini humo. Mwaka 1930 Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari cha Kakira, kilomita chache mashariki mwa mji. Kiwanda cha sukari kinahitaji mafundi wa mitambo mwaka mzima: vinu, boila, matrekta na mabehewa yote huharibika na hutengenezwa palepale.

Umeme wa mwaka 1954 ulibadilisha kiwango cha shughuli hizo. Kiwanda cha nguo cha Nyanza Textiles, maarufu kwa jina la Nytil, kilijengwa kando ya mto. Shaba iliyochimbwa Kilembe, magharibi kabisa mwa nchi, ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja ili iyeyushwe, kwa kuwa umeme ulikuwa Jinja. Pia familia ya Madhvani iliendesha kiwanda cha chuma mjini humo. Utafiti wa Cyril na Rhona Sofer, uliochapishwa mwaka 1955 kwa anwani ya *Jinja Transformed*, ulikwishaiona Jinja kama mji wa jamii nyingi: Wasoga, Waganda, Waluo na wengine kutoka Kenya, Wahindi na Wazungu.

Katika mazingira hayo mtu alijifunza kuchomelea, kupiga keekee na kunoa patasi kwa kumtazama mwenzake. Lugha ya kumtazama mwenzake ilikuwa swali la vitendo. Msoga, Mluo na fundi Mhindi waliosimama mbele ya jiriwa moja hawakuwa na lugha ya mama ya pamoja. Kiingereza kilikuwa cha ofisi. Luganda kilikuwa na nguvu sokoni na kanisani. Kiswahili, kilichokwisha kusafiri na reli kutoka pwani, kilikuwa tayari na majina ya zana. Hivyo ndivyo kilivyopata makazi mahali ambapo hakuna mwalimu aliyekipeleka.

3.0 Magendo, mpaka na baiskeli

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia. Viwanda na maduka ya Jinja vilipoteza wamiliki, mameneja na mafundi wengi kwa muda wa miezi mitatu. Uzalishaji ulidorora, vipuri vikaadimika, na uchumi wa njia za panya ukachukua nafasi ya biashara ya kawaida. Inafaa kutambua kwamba majina mawili yaliyobaki kuwa alama ya kipindi hicho ni ya Kiswahili. Biashara hiyo iliitwa *magendo*. Waliotajirika kwa mali zilizoachwa waliitwa *mafuta mingi*. Upatanisho wa kisarufi katika jina la pili, ambao Kiswahili sanifu kingeusahihisha kuwa *mafuta mengi*, ni ushahidi kwamba lugha hiyo haikutoka katika kitabu cha sarufi. Ilikuwa Kiswahili cha mtaani, kikitumiwa na Waganda kuuelezea uchumi wao wenyewe.

Magendo yalihitaji usafiri usiotumia mafuta mengi na usioonekana sana. Baiskeli ilitosha. Ni katika mazingira ya mpaka wa Uganda na Kenya, hasa Busia, ambako masimulizi mengi yanaweka asili ya jina *bodaboda*: waendesha baiskeli walionadi safari ya kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Neno la Kiingereza la mpaka lilirudiwa mara mbili kwa utaratibu wa uradidi ambao lugha za Kibantu hutumia daima, likawa jina la chombo, la kazi na la mwenye kazi.

Mahali penyewe pana maana katika historia ya chuma. Eneo la Wasamia, lililo pande zote mbili za mpaka huo, lilijulikana kabla ya ukoloni kwa wahunzi wake, ambao majembe yao yaliuzwa mbali na kwao. Si lazima kudai kwamba mhunzi wa Samia ndiye babu wa mchomeleaji wa Busia. Linalotosha ni kwamba baiskeli ya abiria ilizaliwa katika ukanda ambao haukuwa mgeni wa wazo la kuagiza kifaa cha chuma kwa mtu anayejulikana kwa jina, akakipima kwa macho na kukifua kwa mkono.

Baiskeli za wakati huo, zikiwemo Raleigh za Uingereza na Hero za India, ziliundwa kubeba mtu mmoja na mzigo. Ili zibebe abiria, keria ya nyuma iliwekewa kiti cha sponji kilichovishwa ngozi ya plastiki, na vipande vya chuma vikafungwa karibu na ekseli ya nyuma ili abiria apate pa kukanyaga. Hapa ndipo historia ya kikanyagio cha abiria inapoanza katika eneo hili. Kilianza kama nyongeza ya fundi, kwa sababu kiwanda hakikuwa kimemfikiria abiria hata kidogo.

4.0 Pikipiki na namna ya kukaa

Pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli za abiria nchini Uganda katika miaka ya 1990, baada ya uchumi kufunguliwa na uagizaji wa bidhaa kurahisishwa. Zilizokuja kutawala barabara ni pikipiki ndogo kutoka India, hasa Bajaj Boxer na zile za TVS. Safari hii abiria alikuwa amefikiriwa: pikipiki ilikuja na vikanyagio vinne. Hata hivyo, aliyefikiriwa alikuwa abiria wa namna fulani.

Sheria za nchi mbili zinaonyesha jambo hili vizuri. Kanuni za Uingereza za mwaka 1986 kuhusu ujenzi na matumizi ya vyombo vya moto zinataka pikipiki inayobeba abiria aliyepanua miguu iwe na mahali panapofaa pa kuwekea miguu. Kanuni za India za mwaka 1989 zinakwenda mbali zaidi: kanuni ya 123 inataka pawe na mahali pa kudumu pa kushikia, mahali pa kuwekea mguu, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Sheria ya kwanza inamwona abiria aliyevaa suruali. Ya pili inamwona pia mwanamke aliyevaa sari.

Abiria wa Jinja hujumuisha mwanamke aliyevaa gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda na Busoga, au kitenge kilichofungwa kiunoni, naye mara nyingi hukaa upande. Akikaa upande, miguu yake yote miwili hutafuta kikanyagio kimoja. Kikanyagio kifupi cha kiwandani kilikusudiwa wayo mmoja. Mguu wa pili hubaki hewani au hupandishwa juu ya wa kwanza. Aidha, uzito wote ambao ungegawanywa pande mbili huangukia chuma kimoja na pini moja. Kwa kuwa bomba la moshi liko kulia katika pikipiki nyingi ndogo, ubavu wa kushoto ndio wenye nafuu kwa anayekaa upande, na kikanyagio cha kushoto ndicho hubeba adhabu.

Mtoto ni mfano wa pili. Akiwekwa kati ya dereva na mzazi, miguu yake haifiki kwenye kikanyagio chochote. Madaktari wa mifupa katika nchi nyingi wanayafahamu vizuri majeraha ya kisigino yanayotokana na mguu wa mtoto kuingia kwenye spoki. Mfano wa tatu ni mzigo. Katika barabara za mlimani zinazoshuka kutoka Bududa na Sironko kuelekea Mbale, pikipiki hubeba kahawa, ndizi na madumu, na kikanyagio cha abiria hugeuka kuwa mahali pa kufungia kamba au kuegemeza gunia. Chuma kilichokusudiwa mguu hubeba uzito usiobanduka kwa safari nzima.

Kwa sababu hizo, kikanyagio cha nyuma hupinda, hukatika pini, hupoteza springi au hulegea. Ndipo dereva anapofika gereji.

5.0 Namna kikanyagio kinavyotengenezwa

Utaratibu wa kazi unaweza kuelezwa kwa hatua chache. Fundi hukata kipande cha bomba au fito ya chuma kwa msumeno wa chuma. Ncha moja huipondaponda kwa nyundo hadi iwe bapa, kisha huitoboa kwa keekee ili pini ipite. Huchomelea vibati viwili kama masikio juu ya kipande kitakachofungwa kwenye fremu, na bapa hukaa katikati ya masikio hayo. Pini hupita, springi hurudishwa ikiwa ipo, na juu ya bomba huvishwa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu ili wayo usiteleze mvua inaponyesha. Anapotengeneza kwa ajili ya anayekaa upande, hurefusha bomba au huchomelea kibati kipana mfano wa ubao mdogo.

Kila hatua ina uamuzi wa kitaalamu ndani yake. Kwanza ni uchaguzi wa chuma. Tuseme abiria wa kilo 70 anasimama kwa mguu mmoja kwenye ncha ya kikanyagio, sentimita 10 kutoka kwenye maungio. Fito ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 12 hupata mkazo wa takribani megapaskali 400, ilhali chuma laini cha kawaida huanza kupinda moja kwa moja karibu na 250. Fito ya milimita 16 hupata mkazo wa takribani 170 tu. Ongezeko la milimita 4 linaifanya iwe imara zaidi ya mara mbili, kwa kuwa uimara wa fito dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Bomba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 2 hupata mkazo wa takribani 90, na lina chuma kidogo kuliko fito ya milimita 16. Fundi anayependelea bomba kuliko nondo nyembamba ana haki ya kihandisi, hata kama hakuitafuta kwa kalamu.

Pili ni mwelekeo wa bapa. Bomba hilo likipondwa ncha yake, hubaki bapa lenye unene wa milimita 4 na upana wa takribani milimita 36. Bapa likisimama wima, hubeba uzito bila taabu. Likilazwa, uimara wake hupungua mara 9, na huo ndio mwanzo wa vikanyagio vinavyoinama chini baada ya siku chache. Bapa likisimama wima, pini hulala, na kikanyagio hukunjwa kwenda juu. Bapa likilazwa, pini husimama, na kikanyagio hukunjwa kwenda nyuma. Kwa hiyo uamuzi mmoja unatawala mambo mawili: nguvu na namna ya kukunja.

Tatu ni kukunja kwenyewe. Kikanyagio kinachokunjwa kwenda juu kinamlinda dereva pikipiki inapolala kwenye kona au kuanguka, kwa sababu hakichimbi ardhi. Kilichochomelewa moja kwa moja bila pini hakina huruma hiyo: kikigusa lami, huweza kuinua gurudumu. Kipande kisichokunjika ni rahisi zaidi kutengeneza na hakihitaji springi, na hapo ndipo bei hushindana na usalama.

Nne ni mahali pa kushikiza. Kuchomelea juu ya mkono wa gurudumu la nyuma, ambao ukuta wake ni mwembamba, hudhoofisha chuma kilicho kando ya mshono, na ufa huanzia hapo. Kufunga kwa bolti na nati huchukua muda zaidi, lakini huacha chuma cha asili kikiwa salama, na huruhusu kikanyagio kubadilishwa bila kuigusa fremu tena.

Maarifa haya manne hayamo katika kitabu cha mwongozo cha pikipiki. Hupitishwa kwa maneno machache: *simamisha*, *usilaze*, *acha pini icheze*, *usichome mkono*. Mwanagenzi anayeyaelewa maneno hayo hutengeneza kikanyagio kizuri. Asiyeyaelewa hutengeneza kinachofanana nacho kwa macho.

6.0 Msamiati na tabaka zake

Msamiati unaozunguka kifaa hiki una tabaka zinazolingana na historia iliyoelezwa. Tabaka la kwanza ni la Kibantu: *chuma*, *nyundo*, *kupinda*, *kuchomelea*, *kukanyaga*. Maneno kama *chuma* na *nyundo* yana ndugu zake katika Luganda na lugha jirani, hivyo msikilizaji Msoga au Mganda hayaoni kuwa mageni. Tabaka la pili lilipitia India, ambamo tunapata *karakana* na *gari*. Neno *gari* lina safari ya kuvutia: katika Luganda limekuwa *eggaali*, na maana yake ya kawaida ni baiskeli, huku treni ikiitwa *eggaali y'omukka*, yaani gari la moshi. Tabaka la tatu ni la Kiingereza kilichotoholewa: *spana*, *bolti*, *nati*, *springi*, *fremu*. Nje ya tabaka hizi kuna *pikipiki*, jina lililotokana na mlio wenyewe, ambalo nalo limeingia katika Luganda pamoja na *fundi*.

Tabaka hizi hukutana katika jina la kifaa chenyewe. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki husema *futresti*. Kamusi za Kiswahili hutoa *kikanyagio*, kwa maana ya sehemu ya cherehani, baiskeli au mashine inayokanyagwa ili ifanye kazi. Mtu anaweza kupinga kwamba kikanyagio ni kitu kinachosogea kinapokanyagwa, kama breki au gia, ilhali cha abiria kinakaa tuli. Pingamizi hilo halina nguvu kimofolojia. Kitenzi *kanyaga*, kikipewa kiambishi cha kutendea na kiishio *-o*, pamoja na kiambishi cha ngeli *ki-*, hutoa maana ya kifaa cha kukanyagia au cha kukanyagwa, bila kutaja kama kinasogea. Tatizo lililobaki ni la utumiaji. Tangazo la usalama likisema tu *kagua kikanyagio*, dereva anaweza kufikiria breki ya mguu. Istilahi *kikanyagio cha abiria* huondoa utata huo, na ndiyo inayotumiwa katika makala hii. Si lazima ifukuze *futresti* gereji. Inatosha iweze kusimama katika sheria, mtaala na kipeperushi.

Kuna upande mwingine wa msamiati huu ambao haupaswi kufichwa. Utafiti wa Ladefoged, Glick na Criper kuhusu lugha nchini Uganda, uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, uliona kwamba asilimia 52 ya wanaume waliweza kuzungumza Kiswahili, ikilinganishwa na asilimia 18 ya wanawake. Pengo hilo lilitokana na mahali lugha ilipoishi: jeshini, polisi, relini, kiwandani na gereji, mahali ambapo wanawake walikuwa wachache. Matokeo yake kwa kifaa hiki ni ya moja kwa moja. Mazungumzo kati ya dereva na fundi kuhusu kikanyagio hufanyika katika lugha ya gereji, na abiria anayekaa upande, ambaye mwili wake ndio kipimo, hayupo. Dereva humsemea. Kikanyagio kirefu cha kushoto ni ushahidi kwamba wakati mwingine amesemewa vizuri; kikanyagio kifupi kilichopinda ni ushahidi wa kinyume.

7.0 Sera ya lugha na sera ya ufundi

Historia ya sera ya Kiswahili nchini Uganda imekuwa ya kupanda na kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kipanuliwe katika elimu na utawala, naye Kabaka Daudi Chwa akapinga hadharani. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, tangazo lililokiongezea sura ya jeshi bila kukipa walimu. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kitaifa la Kiswahili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 ukakipa nafasi ya lazima katika miaka ya mwanzo. Na mwaka 2022 serikali ikasisitiza ufundishaji wake shuleni.

Hatua zote hizi zinaanzia juu. Zinakichukulia Kiswahili kama lugha inayopaswa kuletwa Uganda, ilhali sehemu yake moja ipo tayari na inafanya kazi kila siku. Mwanafunzi wa Jinja anaweza kufundishwa ngeli ya KI-VI kwa mfano wa *kitabu* na *kikombe*, huku kaka yake akishika *kikanyagio* gereji bila mtu yeyote kuona uhusiano.

Sera ya ufundi nayo ina pengo linalofanana. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu elimu na mafunzo ya biashara na ufundi iliweka mfumo unaotambua stadi zilizopatikana kazini, na Idara Kuu ya Mafunzo ya Viwandani ilikuwa ikitoa cheti kwa mfanyakazi aliyethibitisha kwa vitendo kwamba anaijua kazi. Hili lilikuwa wazo zuri, kwa kuwa lilikiri kwamba gereji ni shule. Lakini mfumo huo, kama sheria za usalama barabarani, uliandikwa kwa Kiingereza, na majina ya zana na kasoro yaliyokuwa ndani yake hayakuwa yale yanayotamkwa mbele ya jiriwa. Wakati huohuo, serikali imewekeza katika kiwanda cha magari cha Kiira Motors mjini Jinja, ambacho bidhaa yake inayofahamika zaidi ni mabasi ya Kayoola. Mradi huo unarejesha sifa ya mji kama mji wa viwanda. Hata hivyo, mkazi wa Walukuba au Mpumudde hukutana na pikipiki mara nyingi kuliko na basi hilo.

Kenya inatoa funzo la kulinganisha. Neno *jua kali*, lililowataja mafundi wanaofanya kazi bila paa, lilitoka mtaani likaingia katika waraka wa serikali nambari 2 wa mwaka 1992 kuhusu maendeleo ya biashara ndogo. Kuingia huko hakukutatua matatizo yote ya mafundi hao, lakini kuliwapa jina ambalo wangeweza kulitumia kudai ardhi, umeme na mikopo.

Kutokana na mjadala huu, mapendekezo manne yanatolewa. Mosi, vyuo vikuu na mamlaka za Kiswahili za eneo hili zikusanye msamiati wa gereji za Jinja, Mbale, Busia na miji mingine ya mpakani, pamoja na maana na mipaka ya matumizi yake, kabla ya kubuni istilahi mpya. Pili, tathmini ya stadi zilizopatikana kazini iwe na istilahi za Kiswahili zilizotokana na ukusanyaji huo. Tatu, vigezo vichache vya kikanyagio cha abiria viandaliwe katika ukurasa mmoja wenye michoro: kipenyo cha chini cha chuma, bapa kusimama wima, kukunjika kwenda juu, na kufungwa kwa bolti. Nne, abiria wanawake washirikishwe katika kuandaa vigezo hivyo, ili urefu na upana wa kikanyagio utokane na namna wanavyokaa kwa kweli.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa kikanyagio cha abiria katika Jinja na mashariki mwa Uganda kilianza kama nyongeza ya fundi kwenye baiskeli ya mpakani, kikaja kutolewa na kiwanda pamoja na pikipiki, kisha kikarudi tena mikononi mwa fundi kwa sababu kiwanda kilimfikiria abiria mwingine. Katika safari hiyo kimebebwa na ustadi uliotokana na viwanda vya Jinja na kwa lugha iliyokuja na reli, ikanusurika misukosuko ya miaka ya 1970 na kubaki hai bila msaada wa sera.

Kwa mtafiti wa lugha, gereji ni hifadhi ya Kiswahili cha Uganda inayostahili kusomwa kwa masharti yake yenyewe. Kwa mshauri wa sera, ni mahali ambapo gharama ya kutoelewana hupimwa kwa milimita. Fito ya milimita 12 na ya milimita 16 zikiwa juu ya benchi la fundi hazitofautiani sana kwa macho. Anayejua tofauti yake na mwenye neno la kuieleza kwa mwanagenzi ndiye anayeamua kama abiria atashuka salama. Kumtambua mtu huyo, na kuitambua lugha yake, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa taasisi zilizopo sasa.